FEDHA ZA KUJIFUNZA KABLA YA MAAFA

Somo la kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha wote wajadiliane.



Maafa yakitokea, msaada huja. Huja unga, mablanketi, mahema na madawa. Viongozi nao huja kutoa pole. Ni jambo jema, nasi tunashukuru. Lakini msaada wa namna hiyo huwafikia waliosalia. Waliokufa hauwafikii tena.

Leo tunataka tuzungumze juu ya fedha za namna nyingine. Hizi ni fedha zinazotolewa mapema, kabla ya maafa, ili watu wafundishwe kujikinga. Kwa sisi wakulima, fedha hizo mara nyingi hupitia idara ya kilimo, na somo lenyewe hufundishwa na bwana shamba au bibi shamba wetu. Watu wengi wamesikia habari za fedha hizi, lakini hawajui zinaombwaje, zinatumikaje, wala kwa nini wakati mwingine zinakwisha bila kuacha kitu.

Katika somo hili tutatumia mfano wa maafa ya aina moja tu, nayo ni sumukuvu katika mahindi na karanga. Ukiuelewa mfano huu, utaweza kuutumia kwa mafuriko, ukame au viwavijeshi.

MANENO YA KUJUA KWANZA

Maafa: tukio linalodhuru watu wengi na mali zao, kiasi cha kuwazidi nguvu wenyewe.

Ruzuku: fedha au vitu vinavyotolewa kwa kazi maalumu. Ruzuku hairudishwi, lakini lazima itolewe hesabu.

Mkopo: fedha zinazotolewa ili zirudishwe.

Ugani: kazi ya kupeleka maarifa ya kilimo na ufugaji mpaka shambani kwa mkulima, na kurudisha matatizo ya mkulima kwa wataalamu.

Shamba darasa: shamba ambalo wakulima hukutana kila mara kujifunza kwa kutazama, kujaribu na kujadiliana.

Sumukuvu: sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu katika nafaka, karanga na mbegu za mafuta.

1. MAAFA YASIYO NA KISHINDO

Mafuriko yana sauti. Moto una moshi. Sumukuvu haina sauti wala moshi. Inaingia nyumbani ndani ya gunia, tena gunia tulilolibeba wenyewe kwa furaha ya mavuno.

Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua. Walitapika, matumbo yalivimba, macho yakageuka manjano. Wachunguzi walihesabu wagonjwa 68, na kati yao 20 walikufa. Hebu tufanye hesabu: ni karibu watu 3 katika kila wagonjwa 10. Chanzo kilikuwa sumukuvu katika chakula.

Wenzetu wa Kenya waliyaona hayo mapema. Mwaka 2004 katika sehemu za mashariki mwa nchi yao, hasa Makueni na Kitui, walihesabiwa wagonjwa 317, na watu 125 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wa waliougua walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa ndani yakiwa bado na unyevu. Adui hakutoka mbali, alikuwa ndani ya ghala.

Sumu hii huharibu ini. Ikiliwa nyingi kwa mara moja, huua upesi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini. Kupika hakuiondoi. Ugali uliochemka sana bado unayo. Tena kiasi kidogo sana kinatosha kudhuru. Kilo moja ya mahindi ina mikrogramu bilioni moja. Katika mikrogramu hizo zote, kiwango cha sumukuvu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni 10 tu. Macho hayawezi kukiona kiasi hicho. Mahindi yenye kuvu la kijani au la njano ni dalili ya hatari, lakini hata mahindi yanayoonekana safi yaweza kuwa na sumu.

Sasa je, tufanye nini? Sumu ikishaingia, mkulima hana dawa ya kuitoa. Njia yake ni kuizuia, na kuizuia ni kazi ya maarifa: lini kuvuna, wapi kuanika, namna ya kupukuchua, namna ya kuhifadhi. Maarifa hayo hayaletwi na lori la msaada. Huletwa na mwalimu, kwa muda, kidogo kidogo. Ndiyo sababu tunasema fedha za kujifunza ni fedha za kuokoa maisha.

2. KWA NINI BWANA SHAMBA?

Mtu mmoja aweza kuuliza, "Maafa ni kazi ya Serikali na watu wa msalaba mwekundu. Bwana shamba anaingiaje hapo?"

Jibu ni hili. Bwana shamba anajulikana kijijini. Anajua shamba la nani liko bondeni na ghala la nani linavuja. Anakuja wakati wa kupanda, anakuja wakati wa kuvuna. Mradi ukimalizika, wageni huondoka na gari lao, lakini ofisa ugani hubaki. Na kama akihamishwa, mwingine huletwa mahali pake. Kwa hiyo somo likipitia kwake, lina mahali pa kuendelea kuishi.

Lakini ofisa ugani mmoja mara nyingi anahudumia zaidi ya kijiji kimoja. Pikipiki bila mafuta haimfikishi. Akifika bila turubai, bila mizani na bila karatasi za kuandikia, atazungumza tu kisha aondoke. Hapo ndipo ruzuku inapofanya kazi. Ruzuku humwezesha afike mara nyingi, awe na vifaa vya kuonyeshea, na afundishe wakulima wachache watakaofundisha wenzao.

Sisi wa elimu ya watu wazima tunalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Watu walisoma, wakasemezana, halafu wakatenda. Somo la maafa halina njia iliyo bora kuliko hiyo.

3. FEDHA ZINATOKA WAPI?

Ziko njia kadhaa. Tuzitazame moja moja.

Kwanza, programu za Serikali. Kuanzia mwaka 2006, Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo, yaani ASDP, ilipeleka ruzuku katika halmashauri za wilaya. Sehemu ya ruzuku hizo ilikuwa kwa ajili ya huduma za ugani na mafunzo. Wilaya nyingi ziliendesha mashamba darasa kwa njia hiyo.

Pili, miradi ya Serikali pamoja na wafadhili. Baada ya vifo vya mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa kuzuia sumukuvu uitwao TANIPAC, chini ya Wizara ya Kilimo. Fedha zake zilikuwa za namna mbili. Zilikuwapo za ruzuku kutoka mfuko wa kimataifa wa kilimo na chakula uitwao GAFSP, na zilikuwapo za mkopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mradi ulijenga maghala, lakini pia uliwafundisha maofisa ugani na wakulima.

Tatu, mashirika yanayotoa ruzuku ndogo moja kwa moja kwa vikundi. Uko mfano mzuri. Mwaka 1999 ulianza mradi wa majaribio wa mashamba darasa katika Kenya, Uganda na Tanzania. Fedha zilitoka mfuko wa IFAD, na utaalamu ulitoka Shirika la Chakula na Kilimo, yaani FAO. Kwa Tanzania ulifanyika Kagera. Kwa Kenya ulifanyika Busia, Bungoma na Kakamega. Vikundi viliandika maombi vyenyewe, vikafungua akaunti benki, na ruzuku ikaingia katika akaunti hizo. Mwalimu wa shamba darasa alilipwa nauli yake na kikundi. Vikundi vingine vililima shamba la biashara, na mapato yake yakasaidia kuendesha masomo. Wakulima wakawa ndio wanaomwajiri mwalimu. Asipofika, wanamwuliza.

Nne, nguvu zetu wenyewe: mchango wa kikundi, uwanja wa kuanikia na kazi ya mikono. Karibu kila mtoa ruzuku huuliza, "Ninyi mnaweka nini?" Kijiji kisichoweka kitu huonekana kama hakina haja.

Hapa tusichanganye mambo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Siyo ruzuku. Kikundi kikichukua mkopo huo kikidhani ni bure, kitajiletea maafa mengine.

Na jambo moja la kujihadhari. Mtu akija kijijini akidai mchangie "kitu kidogo" ili awapatieni ruzuku, mpelekeni kwa Mtendaji wa Kijiji. Malipo halali yana stakabadhi na yana ofisi.

4. KALENDA MBILI ZISIZOLINGANA

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu. Tulisome polepole.

Fedha za Serikali zina kalenda yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mahindi nayo yana kalenda yake. Katika mikoa ya kati tunapanda mvua zinapoanza, mwezi wa Desemba hivi, na tunavuna kati ya Mei na Julai.

Sasa tazama. Fedha zikitoka Julai au Agosti, mahindi ya wengi yameshaingia ghalani. Kama yaliingia na unyevu, kuvu limeshaanza kazi. Semina ya kuanika mahindi ikifanyika Septemba, watu watakaa kivulini, watasikiliza, watasaini, watarudi nyumbani. Hakuna mahindi ya kuanika siku hiyo. Mpaka mavuno mengine yafike, nusu ya maneno yamesahaulika.

Kwa hiyo kikundi chenye akili hupanga hivi:

Julai hadi Oktoba: kupokea fedha, kununua vifaa, kuchagua wakulima wafundishaji, kukagua na kusafisha maghala.

Novemba na Desemba: somo la kupanda kwa wakati, na kuchagua mbegu inayofaa mvua za mahali petu. Mahindi yaliyoteswa na ukame au wadudu shambani hushikwa na kuvu upesi.

Aprili: somo la kujiandaa kuvuna. Kutengeneza vichanja, kushona turubai zilizochanika.

Mei hadi Julai: masomo yenyewe ya vitendo, kila wiki, mahindi yakiwa mbele ya macho.

Na maombi je? Maombi yafike wilayani miezi mingi kabla ya Julai, wakati mipango ya mwaka unaofuata inapoandaliwa. Kijiji kinachongoja hadi Juni kimechelewa. Wazo lipite kwanza Halmashauri ya Kijiji, lisomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, liandikwe katika muhtasari. Lipite pia kwenye kamati ya maafa ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kama kamati ya kijiji chenu haijawahi kukutana, hiyo ni ajenda ya kwanza.

5. BAJETI MBILI

Tuchukue kikundi cha wakulima 30 kilichopata ruzuku ya shilingi 1,500,000. Bei tulizoweka hapa ni za mfano tu, kwa ajili ya kujifunza hesabu. Ninyi ulizeni bei za dukani kwenu.

Bajeti ya kwanza:
Turubai 30 kwa sh. 40,000 = sh. 1,200,000
Semina ya siku moja, chakula na posho = sh. 300,000
Jumla = sh. 1,500,000

Bajeti ya pili:
Mafuta ya pikipiki ya ofisa ugani, masomo 10 kwa sh. 15,000 = sh. 150,000
Turubai 5 za kufundishia kwa sh. 40,000 = sh. 200,000
Mifuko 30 isiyopitisha hewa kwa sh. 6,000 = sh. 180,000
Kupima sampuli 6 za mahindi maabara kwa sh. 50,000 = sh. 300,000
Madaftari, kalamu na karatasi kubwa = sh. 70,000
Wakulima wafundishaji 4 kwenda vitongojini kwa sh. 50,000 = sh. 200,000
Siku ya wakulima kwa kijiji kizima = sh. 200,000
Masomo ya marudio mwaka wa pili = sh. 200,000
Jumla = sh. 1,500,000

Jumla ni ileile, lakini mambo ni tofauti. Katika bajeti ya kwanza kila mtu anaondoka na turubai. Anafurahi. Baada ya muda turubai nyingine zinakuwa paa la banda la kuku, nyingine zinauzwa. Kuhusu sumukuvu, watu walisikia kwa siku moja tu.

Katika bajeti ya pili hakuna mtu anayeondoka na turubai. Lakini watu 30 wamejifunza mara 10, wanne wameweza kufundisha, kijiji kizima kimeona, na maabara imetoa jibu la kweli kuhusu mahindi yetu. Mwaka wa pili somo linarudiwa.

Hatusemi turubai hazina maana. Mtu hawezi kuanika mahindi juu ya hotuba! Lakini kumbukeni: mkulima aliyeelewa hatari ya kuanika chini, akikosa turubai atajenga kichanja cha miti. Aliyepewa turubai bila kuelewa, siku turubai itakapochanika atarudi kuanika chini.

6. SOMO LENYEWE NI LIPI?

Ili mjue mnaomba fedha za kufundishwa nini, haya ndiyo mambo ya kufundishwa kwa vitendo.

(a) Vuna mahindi yakikomaa. Yasiachwe yanyeshewe shambani wala yalale juu ya udongo.

(b) Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja. Usianike juu ya ardhi tupu.

(c) Chambua. Toa magunzi yaliyooza, yenye kuvu na yaliyoliwa na wadudu.

(d) Pukuchua kwa mikono au kwa mashine. Kupiga gunia kwa fimbo huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wa kuvu.

(e) Kausha mpaka unyevu usizidi sehemu 13 na nusu katika kila sehemu 100 za uzito.

(f) Hifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, au magunia safi juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mkulima asiye na kipimo cha unyevu aweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 hivi. Anika tena siku moja au mbili ndipo uhifadhi. Lakini tuelewane: chumvi hupima unyevu, haipimi sumu. Sumu hupimwa kwa vipimo maalumu tu, kama vile vya maabara.

7. BARUA YA MAOMBI

Iandikwe kwa mkono ulio wazi, ukurasa mmoja unatosha. Mfano:

Kikundi cha ...............
Kijiji cha ...............
Tarehe ...............

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ...............

Kupitia kwa: Mtendaji wa Kijiji
Kupitia kwa: Mtendaji wa Kata

YAH: MAOMBI YA RUZUKU YA MASOMO YA KUZUIA SUMUKUVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni kikundi cha wakulima ......, wanawake ...... na wanaume ....... Katika kijiji chetu mahindi mengi huanikwa chini, na kaya ...... hazina ghala linalofaa. Tunaomba ruzuku ya sh. ...... kwa masomo ...... yatakayofundishwa na ofisa ugani wa kata yetu kuanzia mwezi wa ...... hadi ....... Sisi tutachangia uwanja, kazi ya mikono na sh. ....... Baada ya masomo, kaya ...... zitakuwa zinaanika juu ya kichanja au turubai. Tunaambatisha bajeti na muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Mwenyekiti ............ Katibu ............ Mweka hazina ............

Angalieni vizuri sentensi ile ya kaya zitakazoanika juu ya kichanja. Mtoa ruzuku anataka kujua nini kitabadilika, siyo watu wangapi watakaa semina. Basi, kabla ya kuandika, piteni nyumba kwa nyumba mhesabu. Mkihesabu tena baada ya mavuno, mtakuwa na ushahidi mkononi.

8. KUTUNZA NA KUTOA HESABU

Fedha zikifika, zisomwe mbele ya wote. Akaunti iwe na watia saini zaidi ya mmoja. Kila ununuzi uwe na stakabadhi, na kila somo liwe na daftari la mahudhurio. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa kijiji, yasomwe pia mkutanoni kwa ajili ya wasiojua kusoma. Fedha za masomo zisigeuzwe kuwa za mazishi au za safari ya kiongozi, hata kama haja ni kubwa. Ruzuku ya kwanza ikitolewa hesabu safi, ya pili huombwa kwa uso mkavu.

9. MAMBO MAWILI MAGUMU

La kwanza: nani aende kwenye somo? Katika nyumba nyingi mama ndiye anayeanika, anayepukuchua, anayepepeta na anayepika. Lakini semina ikitangazwa, baba ndiye anayekwenda. Akirudi hasemi kitu, au anasema kwa kifupi. Hivyo maarifa hayamfikii mwenye kazi. Kikundi kipange masomo saa ambazo akina mama wana nafasi, karibu na nyumbani, na watoto wadogo waruhusiwe kuja. Baba naye aje, kwa sababu fedha za turubai na mti wa kichanja mara nyingi ziko kwake.

La pili ni gumu zaidi. Mama mwenye gunia moja tu la mahindi, nalo lina kuvu, atauliza: "Mkiniambia nitupe, watoto wale nini?" Swali hili tusilicheke wala tusilipite. Mahindi yale yasiliwe, yasiuzwe, yasipewe kuku wala ng'ombe, yasipikiwe pombe. Ng'ombe akiyala, sumu huweza kupita katika maziwa. Lakini neno "usile" bila chakula kingine ni neno tupu. Kwa hiyo mpango wa kijiji uwe na sehemu ya pili: kaya zenye mahindi mabaya zijulikane mapema, taarifa ipelekwe kwa Mtendaji, kamati ya maafa na zahanati, na kijiji kiwe na akiba ya nafaka kavu ya kuwakopesha wenzetu hao. Waswahili husema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wa Dodoma, Manyara na Makueni walikwisha nyolewa. Sisi wengine tumepewa muda wa kutia maji, basi tuutumie.

MASWALI

1. Ruzuku na mkopo vinatofautianaje? Toa mfano mmoja wa kila kimoja.
2. Kwa nini semina ya kuanika mahindi mwezi wa Septemba haina faida kubwa katika mikoa ya kati?
3. Katika bajeti ya pili, fedha za kupima sampuli ni sehemu gani ya ruzuku yote? (Gawanya 300,000 kwa 1,500,000.)
4. Chumvi isiponata kwenye chupa, je, tumejua kwamba mahindi hayana sumu? Eleza.
5. Nyumbani kwako nani anaanika mahindi, na nani alikwenda semina ya mwisho?

KAZI YA KIKUNDI

Gawaneni vitongoji. Kila wawili wapite kaya 10 na kuandika: zinazoanika chini ni ngapi, zenye turubai au kichanja ni ngapi, zenye ghala linalovuja ni ngapi. Jumlisheni. Mwiteni ofisa ugani na mwenyekiti wa kijiji, muwasomee hesabu hiyo, kisha mwandike barua. Nakala moja ibaki katika faili la kikundi, na tarehe ya kupelekwa iandikwe juu yake.